Nilimtoa Mwalimu wa Mwanangu ili Nisiitwe Kupe

Nyie wajukuu mnaosoma haya, kosa ni langu. Asiwadanganye mtu kwamba ni la serikali au la mwalimu. Nililifanya kwa mdomo wangu, mchana, mbele ya watu.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, huku karibu na Ruvuma. Mwanangu Somoe hasikii tangu kuzaliwa. Shuleni alikuwapo mwalimu wa kike aliyesomea kufundisha viziwi, akawaweka watoto wasiosikia pembeni, kwenye kibanda cha makuti. Walikuwa wachache, wanakaa duara. Anamshika mtoto mkono, anauweka kooni kwake mwenyewe, mtoto anaipata sauti kwa vidole.

Siku moja Somoe akaja jikoni, akanitazama, akasema, "Mama." Sauti nzito kama ya mzee. Lakini alisema.

Madarasa mengine yalifurika, watoto wanakaliana mapajani. Maneno yakaanza kisimani. Jirani yangu Binti Selemani akacheka: "Wa kwako kapewa mwalimu wake, kama mtoto wa kabaila. Kupe wewe, shoga."

Kupe! Siku zile ukiitwa kupe hulali. Tulilima shamba moja, tukavuna pamoja. Aliyepata zaidi ya mwenziwe alikuwa mnyonyaji. Nami nikataka kujisafisha.

Mkutano wa kijiji ulipokaa nikasimama. Nikasema watoto wote ni sawa, kibanda kivunjwe, mwalimu awe wa wote. Nikapigiwa makofi. Binti Selemani alipiga kuliko wote.

Mwalimu akanifuata nyumbani. Hakugomba.

"Mama Somoe, huyu ananisoma mdomo. Kwenye umati ule, mdomo wangu atauonea wapi?"

Nikamjibu kijiji kimeshaamua.

Somoe akakalishwa nyuma kabisa. Mwalimu akigeukia ubao, mtoto kapotea. Akigeuka kwa watoto, vichwa vimejaa mbele. Hata mikorosho haijachanua, Somoe akaacha kwenda, nami sikumlazimisha. Lile "mama" likaisha, sijalisikia tena.

Sasa ni mtu mzima, anamenya muhogo uani. Mimi silii. Naketi tu, namtazama.

Mkiona mwalimu ana watoto wachache, ulizeni kwanza kwa nini, ndipo mfungue midomo.

Nyumbani kwangu nimeshaamuru: asiseme mtu na Somoe kwa nyuma. Aje mbele yake, akae chini, ampe uso. Mmoja mmoja.