Marehemu Aliyekosekana Kwenye Jedwali Langu

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya kiburi changu mwenyewe. Nafundisha takwimu chuoni, na nilikuwa nimetengeneza jedwali la kulinganisha vifo vya barabarani vya kwetu na vya nchi jirani. Tulionekana afadhali, nikatamba nalo ofisi nzima. Mwenzangu mmoja akaniuliza kwa upole kama nimewahesabu wanaofia nyumbani baada ya ajali. Nikanywea. Akanielekeza kwa Sista Bhoke, muuguzi mwenyeji wa Mara anayefanya kazi Tukuyu, wilayani Rungwe.

Nililala Mbeya mjini, na kesho yake asubuhi nikapanda basi la Tukuyu. Baada ya Uyole baridi ilinifanya nivae koti juu ya koti. Kiwira tulisimama, akina mama wakatuuzia ndizi dirishani, kisha barabara ikaingia kwenye kona zilizonishikisha kiti kwa mikono miwili. Uzuri wa kule acha tu! Migomba, chai, ukungu, na hakuna kipande cha ardhi kilicholala bure.

Saa nne nilikuwa Tukuyu, hospitali ya Makandana. Sista Bhoke alinionyesha daftari lake. Kila majeruhi wa ajali anayeruhusiwa kwenda nyumbani, yeye humfuatilia mpaka siku ya thelathini, kwa simu, na simu isipopokelewa, kwa miguu, siku zake za mapumziko. Alinieleza kwamba nchi nyingi huhesabu hivyo: anayekufa ndani ya siku thelathini kwa majeraha ya ajali ameuawa na barabara. Orodha ya kwetu niliyotumia mimi ilikuwa imefungwa siku ileile ya ajali, ya jirani siku ya thelathini. Yaani nililinganisha vitu viwili tofauti, mimi mwalimu wa takwimu! Na huyu hakutumwa na mtu. Nilimkubali palepale.

Mchana alinipeleka Ibighi kwa Tusajigwe, mjane wa fundi mwashi aliyegongwa na lori pale Kiwira. Njiani alinipa kisa chote. Mume alivunjika mguu, akatibiwa, akarudi nyumbani, akafariki siku ya ishirini na mbili. Daktari alisema donge la damu lilitoka kwenye mguu ule likaenda kuziba mapafu. Lakini mama wa marehemu alishikilia kwamba mkwewe hakumuuguza mwanawe, na tangu msiba hakumsemesha. Maneno ya sista aliyaona ya kufariji tu.

Tulimkuta bibi huyo amekaa pembeni, amempa mkwewe mgongo. Nilimwamkia, nikatoa jedwali langu, nikakiri kosa langu, nikamweleza hizo siku thelathini.

"Hesabu hiyo ni ya hapa Rungwe tu?" akauliza.

"Hapana, bibi. Ni ya nchi nyingi. Huko kote mwanao angeandikwa ameuawa na barabara, hata kama ungemuuguza wewe mwenyewe."

 Akageuza kigoda chake, akamwelekea mkwewe.

"Ndaga, mwalimu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Mkwe wangu, sogea huku unywe chai."

Tusajigwe alilia waziwazi, na mimi machozi yalinilenga.

Nimerudi na mkungu wa ndizi na aibu kidogo. Chini ya jedwali nimeandika kwamba tarakimu zetu zimepungukiwa, na hatuwezi kujilinganisha na mtu mpaka tuhesabu kama Sista Bhoke. Mkuu wangu hajafurahi, maana hatuonekani tena afadhali. Nimemwambia aende Ibighi, akawaone watu wawili wanaokula tena pamoja kwa sababu marehemu wao amehesabiwa.