Bwana Nakala

Sikuwahi kumpenda shemeji yangu, na sioni sababu ya kuanza leo. Ila haki yake nitampa: alikuwa fundi. Alitengeneza kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chumba chembamba chenye meza iliyojaa makovu ya chuma cha kuchomelea, rafu ya mashine zilizofunuliwa matumbo, na pazia la kijani lililotenganisha kazi yake na sebule ya dada yangu. Mtaani walimwita Bwana Nakala, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi.

Lilitokana na swali lake. Mtu akiingia amekumbatia kompyuta iliyokufa, salamu hazijaisha, yeye bila kuinua macho anauliza, "Uliweka nakala?" Mtu akisema hapana, uso wa shemeji unachanua kama wa mtu aliyeletewa chakula.

Siku moja aliingia mama mmoja mshonaji, mjane. Picha zote za marehemu mumewe zilikuwa kwenye diski iliyoanza kukereza, na hakuwa ameziweka mahali pengine popote. Shemeji akaitikisa ile diski sikioni, akamrudishia.

"Hukuweka nakala? Basi lia vizuri, mama. Machozi hayana virusi."

Wateja waliokaa kwenye benchi wakacheka, maana mkuki kwa nguruwe mtamu. Dada akatoka nyuma ya pazia na kikombe cha chai, akamkabidhi yule mama, akamketisha. Kisha akamgeukia mumewe. "Haya," alisema tu. Dada hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na akisema "haya" ujue mazungumzo yamefungwa. Hivyo ndivyo walivyoishi: mume anawaliza watu, mke anawapelekea chai. Nilimwuliza anamvumiliaje. Akanijibu, "Mdogo wangu, mume ni kama kiatu, anayejua kinapobana ni aliyekivaa." Nikamwambia basi vua. Akacheka.

Kompyuta ya shemeji mwenyewe ilikuwa inatumia mfumo wa Linux, na alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja ukoo wake wa kifalme. Wanaotumia mifumo mingine aliwaita abiria. Likitoka toleo jipya, lazima yeye awe wa kwanza kuliweka, kisha asimame mlangoni awaambie wapita njia ambao hata hawakujua anazungumzia nini. Na mashine ya mtu ikigoma, jibu lake lilikuwa moja: "Mashine ni nzima. Mgonjwa ni mwenye mashine."

Halafu dada akaugua kweli. Ule mkwaruzo tuliouzoea ukazidi, akawa hamezi vizuri, na daktari akatuambia bila kuzunguka: ni saratani ya koo. Ili apone, kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Ataishi, atapumulia tundu shingoni, lakini hatasema tena.

Mtoto wao, Kidoti, alikuwa bado hajui kusoma. Dada hakulia mbele yetu. Alichukua simu yake, akaonyeshwa na mumewe pa kubonyeza, akajifungia chumbani, akaanza kujirekodi. Alirekodi hadithi zote za sungura alizokuwa akimsimulia Kidoti kabla ya kulala, kwa sauti zote, ya sungura na ya fisi. Alirekodi "amka uoge" na "nani kamwaga maziwa?" Alirekodi maneno ya siku Kidoti atakapovunja ungo, na ya siku atakapoletewa posa. Alirekodi hata kucheka. Simu ilipojaa, shemeji alizihamishia rekodi kwenye kompyuta yake na kuifuta simu ipate nafasi, na ndivyo ikawa kila mara hadi siku ya kwenda hospitali.

"Ziweke na mahali pengine," dada alimwambia mlangoni, mkoba mkononi. Ni katika maneno yake ya mwisho nyumbani mle.

"Mke wangu, mashine yangu haifi. Zinazokufa ni za wajinga."

Upasuaji ulikwenda salama. Dada akiwa bado wodini, shemeji akarudi nyumbani, na badala ya kupumzika akaona tangazo la toleo jipya kwenye kioo. Mtu mwingine angeliacha. Yeye alibonyeza kukubali, akaenda kuoga.

Aliporudi, mashine ilikuwa nyeusi, mistari ya maandishi meupe imeganda, ya mwisho ikisema mfumo umeshindwa kuamka. Nilikuwepo, nilikuja kumlisha Kidoti. Shemeji alinieleza mwenyewe, kwa dharau ileile ya kila siku, kwamba ni kitu kidogo. Sehemu ya diski inayotunza kiini cha mfumo, kile kinachoiamsha mashine, ilikuwa finyu na imejaa, kwa hiyo kiini kipya kiliandikwa nusu. Watu wengine wangewashia kiini cha zamani. Yeye cha zamani alikuwa amekifuta, kwa usafi.

"Na sauti za dada?"

"Zipo. Kiini ni ufunguo tu. Ufunguo ukivunjika, nyumba inaungua?"

Ili kunionyesha, aliichomoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta ya kazi iliyokuwa mezani, akabofya. Sauti ya dada ikajaa chumba. Fisi alikuwa anamwomba sungura amfungulie mlango. Kidoti akaja mbio toka sebuleni, mdomo umejaa wali, akachungulia nyuma ya meza kumtafuta mama yake. Mimi nikalia papo hapo.

"Shemeji, si uzinakili sasa hivi, hapohapo?"

"Nitanakili baada ya kuiamsha. Kwanza nitengeneze flashi ya kuwashia." Akachomeka flashi, pembeni ya ile diski. "Usinifundishe kazi."

Kuandika mfumo kwenye flashi ni amri ya mstari mmoja. Unaiambia kompyuta uandike nini, na uandike wapi, na hapo kwenye "wapi" ukikosea herufi moja umekwisha, maana haikuulizi mara mbili, na kilichokuwepo hapo kinafutika. Bwana Nakala alikuwa akiwafokea mafundi wote waliopita mikononi mwake: tazama kwanza kipi ni kipi, ndipo ubonyeze. Lakini yeye aliandika kwa mazoea, macho yapo kwangu, vidole vinatembea vyenyewe. Kwenye kompyuta ile, flashi siku zote ilikuwa kifaa cha pili. Siku hiyo cha pili kilikuwa diski, kwa sababu ilitangulia kuchomekwa. Flashi ilikuwa kifaa cha tatu.

Akabonyeza. Tukangoja. Mimi sijui kompyuta, lakini macho ninayo.

"Shemeji, mbona hicho kitaa cha flashi hakiwaki? Kinachowakawaka ni cha diski."

"Mashine ni nzima," akaanza, akitabasamu. Kisha akageuka kutazama.

Alichomoa waya kwa nguvu hadi meza ikasogea. Nimeona watu wakipokea habari za msiba. Hakuna aliyekuwa na uso ule. Miaka mingi nilikuwa nikiomba Mungu nimwone mtu huyu akidhalilika. Siku ile nilipewa, na sikuona utamu wake.

Hakuniomba nisimwambie dada, na mimi sikumwambia. Alifunga duka. Aliikwangua ile diski kwa kila programu aliyoijua ya kufufua vilivyofutwa, hali, hanyoi, hajibu hodi. Vipande vilitoka, lakini ukivifungua ni mlio mtupu, kama redio iliyokosa kituo. Mganga hajigangi. Mwishowe akapata kimoja kilichosikika.

Dada alirudi mchana, bandeji shingoni, amekonda, ila macho yake ni yaleyale. Kidoti alikuwa ameahidiwa kwamba mama akirudi ataongea kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo hata kumkumbatia hakumkumbatia vizuri. Alimvuta mkono hadi chumba cha mbele, akapanda kwenye kiti cha fundi, akaketi amenyooka kama mgeni rasmi.

"Baba, weka hadithi ya fisi."

Shemeji alisimama pembeni ya meza. Akabofya.

"Baba Kidoti, imewaka? Nianze?" ilisema sauti ya dada. Kisha ukafuata mlio, mrefu, hadi mwisho.

Kidoti alingoja uishe. Halafu akamgeukia mama yake, akamwambia kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake ruhusa, "Anza, mama."

Dada alimtazama mumewe. Akaelewa kabla hajaambiwa. Aliishi nyuma ya lile pazia miaka yote, aliyajua mambo haya yanavyokuwa. Midomo yake ikatembea polepole bila sauti, na mimi na shemeji sote tukayasoma maneno, kwa kuwa hakuna mtu mtaani asiyeyajua.

Uliweka nakala?

Bwana Nakala akatikisa kichwa. Alikuwa amesimama palepale wanaposimama wateja, mikono imeshikana mbele, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Nilidhani dada atakwenda kumletea chai, kama alivyomletea kila aliyewahi kulia katika chumba kile. Badala yake alimshusha Kidoti kutoka kwenye kiti, akamshika mkono, wakapita wote wawili nyuma ya pazia.