Aliyemwacha Malkia Stesheni

Jumapili ya kwanza runinga ilipoonyesha sinema iitwayo *Nisubiri Hapohapo*, msoma mita mmoja wa idara ya maji alikuwa amelala sebuleni kwake, mdomo wazi, na hakuona chochote. Jumatatu asubuhi aliamka akiwa mtu mbaya.

Hakujua, maskini. Alivaa sare yake, akachukua kitabu na tochi, akaenda kazini kama alivyokwenda kwa miaka ishirini na tisa. Geti la kwanza alilobisha lilifunguliwa na bibi mmoja ambaye kila mwezi humpokea kwa jina lake la utani, Desimali, alilopewa kwa sababu yeye husoma mpaka zile namba nyekundu za mwisho ambazo wenzake huziruka. Safari hii bibi hakutaja jina. Alimtazama kutoka kofia hadi chini, akashika kiuno.

"Mtoto wa watu ulimwachaje pale stesheni?"

"Mtoto gani, mama?"

"Mtoto gani, anauliza!" bibi aliwaambia kuku wake. "Mita iko palepale. Soma, uende zako."

Nyumba ya pili hawakufungua, ingawa redio ilikuwa inaimba ndani. Nyumba ya tatu walifungua ili wamtazame, kisha wakafunga. Ilikuwa nyumba ya nne, kwa mwalimu mstaafu, ndipo mke wa mwalimu alipomweleza habari yote, huku mumewe akitikisa kichwa nyuma yake kama mtu aliyesahihisha mtihani na kukuta sifuri.

Sinema! Desimali alikuwa ameisahau kabisa, kama mtu anavyosahau kwamba aliwahi kuugua matubwitubwi.

Ilikuwa hivi. Alikuwa na miaka ishirini na nne, mgeni kazini, ametumwa kusoma mita ya stesheni ya treni. Kwenye jukwaa alikuta kamera moja, mwongozaji mmoja anayetoka jasho, na msichana mwembamba amekaa juu ya sanduku la nguo. Mwigizaji wa kiume alikuwa ameghairi asubuhi ileile, baada ya kusoma hadithi mpaka mwisho na kugundua kwamba mbaya ni yeye. Mwongozaji alimwona Desimali amepiga magoti mbele ya mita. Akamwomba asimame, akampima kwa macho, akampa koti ajaribu. Koti lilimkaa. Hiyo ndiyo sifa pekee iliyokuwa inatakiwa.

Aliomba likizo ya siku kumi na moja. Aliigiza kijana anayemtorosha binti wa watu kutoka kwao, anamfikisha stesheni, anamwambia, "Nisubiri hapohapo, naenda kununua maji," kisha haonekani tena. Sehemu kubwa ya sinema ni binti akisubiri. Desimali alipewa maneno machache, kwa sababu kila alichosema kilitoka kama namba za mita: wazi, moja moja, bila upendeleo. Hata "nakupenda" aliitamka kana kwamba kuna mtu pembeni anaandika.

Sinema ilionyeshwa wiki mbili katika ukumbi mmoja, na hiyo wiki ya pili ni kwa sababu sinema iliyotakiwa kufuata ilichelewa kufika. Dada yake Desimali alikwenda kuiona, akarudi akisifia viti. Basi, yakaishia hapo. Yule msichana mwembamba akaendelea na mambo yake, na mambo yake yakamfikisha mahali ambapo leo nchi nzima inamwita Malkia, watu wanawapa watoto jina lake, na akikohoa gazeti linaandika. Mwezi ule alitimiza miaka hamsini. Kituo cha runinga kikafukua sinema yake ya kwanza, ambayo yeye mwenyewe akiulizwa hucheka na kubadilisha mazungumzo, kikatangaza kwamba kitaionyesha kila Jumapili alasiri mwezi mzima.

Kwa hiyo ubaya wa Desimali ulikuwa na Jumapili tatu zaidi mbele yake.

Yote haya mtu angeyacheka. Desimali mwenyewe angeyacheka, akikaa akayafikiria, maana hakuwa mtu wa makuu. Lakini Jumamosi ya wiki ileile kaka yake na wazee wawili walikuwa wanatarajiwa kwa watu, kwenda kumposea mke. Desimali alikuwa mgane wa miaka tisa. Mwanamke alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, mwenye wasichana sita chini yake na mashine nne, tatu nzima. Walikutana kazini. Aliwahi kulalamika kwamba maji yanapotea, Desimali akatega sikio kwenye bomba kama daktari, akasema, "Linavuja chini ya mashine ya pili." Kesho yake akarudi, hajatumwa na mtu, kuangalia kama wamelitengeneza. Msimamizi aliwaambia wasichana wake kwamba tangu azaliwe hajaona fundi anayerudi bila kufuatwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, kwani Desimali alikuwa domo zege kwelikweli. Ilimchukua miezi kumi na minne ya kusoma mita ileile mpaka alipomwambia yule mama neno lisilo namba.

Na msimamizi alikuwa na lake. Mume wake wa kwanza alitoka siku moja saa tatu asubuhi kwenda kuziba pancha ya baiskeli. Pancha hiyo ilikuwa na miaka kumi na tisa sasa. Hawakugombana, hakuacha barua, na alikuwa hata ameomba chai yake iwekwe kwenye chupa isipoe. Msimamizi alimsimulia Desimali habari hii mara moja tu, kwa sauti ileile anayosemea mashine gani imeharibika, na hakuirudia. Desimali naye hakuuliza.

Sasa fikiria mwanamke huyo amekaa Jumapili alasiri mbele ya runinga, pamoja na shangazi yake aliyemlea, na kwenye kioo anatokea mchumba wake, kijana, kavaa koti, anasema anakwenda kununua maji.

Jumanne kaka yake Desimali alikuja, akakaa bila kukaribishwa.

"Shangazi mtu amepiga simu. Anasema Jumamosi tusije kwanza."

"Kwa nini?"

"Anasema umewaficha."

"Sikuficha. Nilisahau."

"Ulisahau kwamba ulimbusu Malkia?"

"Sikumbusu. Nilimshika mkono. Mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkanda uliisha."

Kaka mtu alimeza mate. Alikuwa amempenda Malkia miaka mingi, kwa mbali, kama wengine wote. "Shangazi anasema tena," aliendelea, "kwamba hakuna mtu anayeweza kuondoka vizuri namna ile bila mazoezi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa mtu kuusifia uigizaji wa Desimali, na hakufurahi.

Jumatano alimweleza msoma mita mwenzake, bwana mmoja mnene aliyeitwa Lita, mtu mwenye wake wawili na kwa hiyo ushauri mwingi. Lita alimsikiliza huku akila mkate.

"Hiyo ndogo," alisema. "Mwambie moyo ulikuwa unakuuma. Mwambie walipozima kamera ulilia, ukakataa kula. Wanawake wanayeyuka kwa hayo."

"Sikulia."

"Nani alikuwepo?"

"Nilikula sana siku ile. Kulikuwa na wali."

"Wewe bwana," alisema Lita, "unataka kuoa au unataka kutoa ushahidi?"

Desimali alitaka kuoa. Alitaka sana, kuliko alivyowahi kutaka kitu, na alikuwa ameshapiga rangi chumba. Akaandika maneno ya Lita nyuma ya kitabu chake cha kazi, akayakariri njia nzima.

Alhamisi alikwenda hospitali. Mita ya pale husomwa tarehe ishirini na siku ile ilikuwa tarehe tisa, kwa hiyo mlinzi alimuuliza mara mbili anafuata nini. Chumba cha kufulia kilikuwa na joto na mvuke wa kawaida. Mifuko ya sabuni ya unga ilikuwa imepangwa ukutani mpaka juu, Malkia akicheka kwenye kila mfuko. Wasichana walipomwona waliacha kukunja, wakatoa macho. Msimamizi aliwatuma wote sita wodini na mzigo ambao wawili wangetosha kuubeba.

Hakumsalimia. Alichukua shuka kutoka kwenye rundo, akampa pembe mbili.

"Shika."

Desimali alishika. Walilinyoosha, wakalikung'uta, wakasogeleana kulikunja, wakarudi nyuma. Shuka la kwanza, la pili, la tatu. Mashine ilikuwa inasuuza na ilikuwa vigumu kusikilizana, na Desimali aliona afadhali.

"Nimeiona," alisema msimamizi mashine iliponyamaza. "Kwa shangazi, tumejaa sebule nzima. Ulipotoka pale mlangoni hakuna aliyesema kitu. Wote walinigeukia mimi. Si Malkia, mimi. Iliniuma, sikufichi."

"Ni sinema, mama. Niliambiwa tembea, nikatembea."

"Najua ni sinema. Mimi si shangazi." Alichukua shuka la nne. "Na Malkia simwonei huruma. Tangu siku ile amekula vizuri. Mimi nina swali moja tu. Nijibu kweli, halafu ndio nitajua kama Jumamosi ipo au haipo."

"Uliza."

"Pale umempa mgongo, unakwenda zako, mwenzio amekaa juu ya sanduku anakutazama. Ulikuwa unawaza nini?"

Desimali alikohoa. "Moyo wangu ulikuwa unaniuma sana," alisema. "Walipozima kamera nililia. Nikakataa kula."

Aliyatamka wazi, moja moja. Msimamizi alisimama na pembe zake mkononi, shuka likaning'inia katikati yao.

"Hayo nani amekupa?"

Masikio ya Desimali yalipata moto. Alitazama sakafu, akatazama bomba, akaiona Jumamosi yake inakwenda na maji. Tatizo ni kwamba ukweli aliukumbuka vizuri, na ulikuwa wa aibu kuliko uongo. Ulikuwa jambo dogo mno. Mtu hawezi kumwambia mwanamke aliyeachwa jambo dogo namna ile. Lakini alikuwa ameulizwa, na kazi yake maisha yote ilikuwa kutaja kilichopo.

"Viatu," alisema.

"Viatu vimefanya nini?"

"Havikuwa vyangu. Koti lilinikaa, viatu vilikuwa vidogo, namba mbili nzima. Mwongozaji akasema nitembee kama mwanamume asiye na wasiwasi. Basi nikawa nahesabu hatua. Bado kumi na mbili, bado kumi na moja. Nilikuwa nawaza nikifika nyuma ya ule mlango nivivue."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Msichana. Kwenye sanduku."

Desimali alitafuta kichwani kwa uaminifu wote, asije akaruka kitu. Alilikuta jukwaa, jua, harufu ya mafuta ya treni, kidole chake kidogo cha mguu wa kulia. Akatafuta tena.

"Hakuwemo," alisema. "Nisamehe. Hakuwa amenikosea kitu, na wala sikuwa nimemchoka. Hakuwemo tu kichwani. Mlikuwa na viatu."

Msimamizi aliketi juu ya rundo la mashuka yaliyokwisha kukunjwa, jambo ambalo msichana wake yeyote angelifanya angefukuzwa.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "natafuta nilimkosea nini yule mtu. Nimepita siku zote, moja baada ya nyingine. Chai ilikuwa chungu? Nilimjibu mama yake vibaya? Kuna wakati nilikuwa na kikohozi, nikasema labda kilikuwa kinamkera usiku. Nimejilaumu mpaka kwa kikohozi." Alijifuta macho kwa shuka la wodi, safi, la kupigwa pasi. "Kumbe huenda sikuwemo hata."

Moyo ulimuuma Desimali, kweli sasa, bila kuambiwa na Lita. Aliendelea kushika pembe zake mbili.

Msimamizi alikaa vile mpaka mashine ikaanza mzunguko mwingine na ikamaliza. Kisha akainuka, akavuta pua, akatazama mlangoni kama wasichana wanarudi.

"Mwambie kaka yako Jumamosi, saa nne asubuhi. Shangazi niachie mimi."

"Saa nne," alisema Desimali.

"Na uje na viatu vyako mwenyewe."

"Ninavyo," alisema Desimali. "Namba arobaini na tatu."

Msimamizi aliziokota pembe zake sakafuni, wakasogeleana, wakamaliza kulikunja.