Bibi Aliyetaka Kuulizwa

Miaka kumi na moja alitembea mlango kwa mlango na mkoba wa fomu, akiuliza watu wanajiona nani kwanza, wa kabila au wa taifa, na kama wanaliamini bunge, mahakama na polisi. Mitaani walimwita Bwana Maswali. Alikuwa mtu wa haya. Bila fomu mkononi hakuthubutu kumuuliza mtu hata njia.

Kazi ilikuwa na masharti yake. Kila nyumba ya tano, mtu mmoja tu, tena kwa kura: majina ya watu wazima yanaandikwa kwenye vikaratasi, kimoja kinaokotwa.

Siku hiyo aliingia kwa fundi cherehani, mjane aliyeishi na mama mkwe wake. Bibi alikuwa kwenye kochi, miguu imevimba. Aliposikia habari ya maswali alijifunga kitambaa cha kichwa upya, akakaa sawa. Kura ikamwangukia mkwewe, yule fundi.

"Mimi nina nguo za watu hapa," fundi akasema. "Muulize mama."

"Masharti hayaruhusu, dada."

"Masharti ya nani, mwanangu?" bibi akauliza. "Tangu mwanangu, mume wa huyu, afe, mimi naulizwa kama nimemeza dawa, basi. Niulize hata moja."

"Akianza huyo, utalala hapa," fundi akacheka.

Bwana Maswali akatazama saa. "Nitarudi, bibi, tuzungumze."

"Usinidanganye. Wewe si mbunge."

Fundi alijibu maswali sabini huku akishona. Kwenye kochi, midomo ya bibi ilicheza kwa kila swali.

Hakurudi. Mara mbili alifika kwenye kona ya mtaa ule, haya zikamrudisha: angebisha hodi aseme amefuata nini? Wiki ya tano ofisi ikamtuma kuhakiki majibu ya fundi. Safari hii aliomba fomu moja ya ziada, tupu, akaitia mkobani.

Kochi lilikuwa limejaa vitambaa.

"Tulimzika Jumanne," fundi akasema. "Mlango ukigongwa tu, anauliza, 'Ni yule wa maswali?' Alishapanga majibu. La bunge alisema ni refu."

"Alitaka kusemaje?"

"Sikumuuliza, kaka."

Cherehani ilikuwa imesimama. Bwana Maswali akafungua fomu ya kuhakiki. Swali la kwanza lilitaka idadi ya watu wazima wanaoishi humo.

"Andika mmoja," fundi akamwambia, maana aliona kalamu haisogei.