Tisa ya Mwalimu

Shangazi yangu ni mchomeleaji vyuma. Kwa miaka kumi na saba amechomelea mageti na mapaa ya watu, na kila kazi ikikamilika anayetia sahihi ni msimamizi wake, kwa kuwa yeye ana cheti na shangazi hana. Mwaka huu aliapa kuufanya mtihani wa cheti hicho. Akajiunga na darasa la marudio la Jumamosi, katikati ya vijana waliombatiza Mama Cheche.

Swali la kumi na nne ndilo lililozua zogo. Boriti ya mita sita imelazwa juu ya kuta mbili, katikati imebeba mzigo wa kilonyutoni kumi na mbili. Tafuta momenti kubwa kabisa ya kupinda, yaani kipimo cha nguvu inayoikunja boriti. Kijitabu cha marudio kilisema tisa. Darasa zima likaandika tisa. Shangazi aliandika kumi na nane, akamweleza mwalimu kwamba tisa ni ya boriti iliyokazwa ncha zote mbili, na hii ya kwenye mchoro imelazwa tu.

Mwalimu, aliyekitunga kijitabu hicho mwenyewe, alicheka. Akauliza kama moshi wa karakana umempanda kichwani. Kisha akatangaza kwamba asiyekubali majibu ya kijitabu hatasainiwa fomu ya mtihani, na fomu mwisho wake ni Ijumaa.

Mimi niliyesoma chuo nilimsihi shangazi aandike tisa yaishe. Mpaka leo naona haya.

"Mwanangu," aliniambia, "paa likimwangukia mtu, nikamwambie nilitaka yaishe?"

Alhamisi alimwita mwalimu karakanani. Alikuwa ameandaa nondo mbili za urefu mmoja: moja ameilaza juu ya nguzo mbili fupi, nyingine ameichomelea ncha zote kwenye nguzo zake. Katikati ya kila moja akatundika ndoo ya mchanga, uzito sawa. Ile iliyolazwa ikabonyea kama mgongo wa punda mzee. Ile iliyochomelewa ilibonyea kidogo tu. Mafundi waliacha nyundo. Mmoja akamwuliza mwalimu angependa kulala chini ya ipi.

Mwalimu alizizunguka mara mbili, akazibonyeza kwa kidole. Halafu akaomba ile fomu, akaitandaza juu ya meza ya chuma na kutoa kalamu.

Shangazi akaifunika fomu kwa kiganja. Kwa mkono wa pili akakisukuma kijitabu mbele yake, kikiwa wazi kwenye swali la kumi na nne.

"Anza na hiki, mwalimu. Vijana thelathini wamekariri tisa."