Mama Anataka Uso wa Mwanawe, Mimi Nimebaki na Jina

Admin, nifiche tafadhali, Karatu ni ndogo na nikijulikana nimekwisha. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, Muiraqw wa Mbulumbulu, nina mke na binti mmoja. Ni mtu wa kompyuta kwenye kashirika kadogo kanakosomesha watoto wa wafugaji.

Mfumo wa kuandikisha watoto niliutengeneza mwenyewe, na jamani, nilijisikia! Kwenye database niliweka jina, umri, kijiji na maelezo ya picha ilipo. Picha zenyewe nikaziweka pembeni, kwenye folda. Dada mmoja wa ofisini, ndiye aliyekuwa akiwapiga watoto picha, akaniambia, "Kaka, ziingize humo humo kwenye database, ukikopi umebeba vyote." Nikamcheka. Nikamwambia database itavimba, mfumo utakuwa mzito, aniachie mimi fundi. Na kitaalamu sikukosea, wengi wanafanya hivyo. Ila wao wanakopi na folda. Mimi kila Ijumaa nilikopi database peke yake kwenye flashi, nafunga ofisi, naenda zangu.

Mwaka huu shule zimeshafunguliwa, diski ikafa. Nikarudisha database kwenye kompyuta mpya, majina yote yakaja, nikashangilia kama mjinga. Kufungua picha, viboksi vitupu. Wa kwanza, wa pili, wote! Kadi ya kamera ilishafutwa zamani. Tukawapiga watoto picha upya kimya kimya, bosi hajui mpaka leo.

Lakini mmoja hakurudi shule. Binti wa darasa la sita, kwao Oloipiri, alifariki kwa homa likizo ya Desemba. Mama yake akaja ofisini. Nikamsalimia kwa Kimaasai, kama mtu anavyomwamkia mama, "Takwenya, yeyo." Akaitikia, akakaa, akasema, "Baba, nyumbani hatuna picha yake hata moja. Simu yangu ni hii ya tochi. Nipe ile mliyompiga hapa."

Nikaingiwa na kiwewe. Ili nionekane natafuta, nikasoma kwa sauti yaliyokuwa kwenye skrini: jina la mtoto, la baba yake, umri. Yule mama akajifunika uso kwa shuka. Kwao marehemu hatajwi jina. Nalijua hilo, nimekua na Wamasai, ila likaniponyoka mdomoni. Akasema taratibu, "Hilo jina tumeliacha, baba. Usiliseme. Mimi nataka uso."

Uso ndio sina! Nikadanganya kwamba picha iko Arusha inasafishwa, aje siku ya mnada. Akaja, na kibuyu cha maziwa cha kunishukuru. Nikadanganya tena. Na maziwa nikayapokea, ndugu zangu. Nyumbani tukayanywa, mke wangu akayasifu.

Mnada mwingine ni keshokutwa. Safari hii anakuja na bibi wa mtoto, ambaye macho yanafifia, anataka amwone mjukuu wake kabla hajapofuka kabisa. Yule dada ananiambia, "Kaka, sema ukweli." Mimi nawaza kuomba ruhusa nisiwepo.

Leo nimemfungua tena yule binti kwenye mfumo. Boksi la picha tupu, na pembeni jina lake, halijakosewa hata herufi moja. Hicho tu ndicho nilichomtunzia, na mama yake hawezi hata kukisikia.

Ninyi wenye watoto, niambieni. Hao kinamama wakishakaa mbele yangu, naanzia wapi?