Pedali Iliyozama Polepole

Mwaka uliofuata uhuru, mjomba wangu alinunua pikapu kuukuu kwa mzungu aliyekuwa akihama Diani. Macho yake yalikuwa hafifu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa dereva. Nilikuwa na leseni, lakini mbele ya mjomba sikuwa na sauti. Kwetu neno la mjomba halirudishwi.

Asubuhi moja ya baridi ya kusi, shangazi zangu sita walipanda nyuma na masufuria ya pilau, kwenda arusini Msambweni. Nilipokanyaga breki kabla ya kuondoka, pedali ilishuka mpaka chini, laini kana kwamba nimekanyaga unga. Nikaipiga mara tatu haraka, ikapanda.

"Si hiyo imepanda?" mjomba akasema. "Twende."

Mteremko mkali wa kutoka Kwale kwenda pwani ulikuwa mbele yetu. Sikuthubutu kumkatalia. Nilisema tu kwamba gurudumu linataka upepo, nikaenda kwa gia ya kwanza mpaka kwa fundi, hatua chache kutoka nyumbani. Huko nikamnong'oneza habari ya pedali.

Fundi alikuwa mtu mfupi, aliyejifunza kazi kwenye matrekta ya mashamba ya miwa. Alivua kiatu, akakaa kwenye kiti changu, akakanyaga kwa wayo mtupu. Alikaa kimya kama mtu anayesikiliza. Kisha akanipisha.

"Kanyaga wewe. Usiachie. Waona nini?"

Pedali ilisimama kidogo, halafu ikaanza kwenda chini ya mguu wangu, polepole sana.

"Inazama."

"Ingekuwa ni upepo tu ulioingia kwenye mrija wa breki, ukiipiga ingepanda ikakaa. Hii haikai. Kuna mahali mafuta ya breki yanapita."

Alikagua magurudumu yote manne: makavu. Akalala chini ya gari na kuufuata mrija kwa kidole: mkavu. "Basi yanapita ndani, kwenye silinda inayoyasukuma."

Nilishangaa. Hakuwa amefungua hata skrubu moja. Miezi yote ile nilidhani pedali huvuta waya, na mafuta ni ya kuulainisha tu. Kumbe kilichochukua nguvu ya mguu wangu mpaka kwenye magurudumu kilikuwa mafuta kidogo ndani ya mrija mwembamba, yasiyojaa kikombe. Niliwatazama shangazi zangu sita pale nyuma.

Fundi akafungua kikopo cha mafuta ya breki kilicho juu ya silinda. Ndani mlikuwa na mabonge meupe.

"Mzee wangu," akamwambia mjomba, "nani amepika humu?"

Shangazi mmoja akashuka, akachovya kidole, akanusa. "Mafuta ya nazi! Yameganda kwa baridi. Bado samaki tu!"

Wakacheka wote. Mjomba hakucheka.

"Ya breki yalikwisha," akasema. "Mafuta ni mafuta."

Mimi ndiye niliyemshikia faneli wiki iliyotangulia. Nilijua si sawa, nikanyamaza.

Fundi alichomoa mpira wa silinda, akauweka kiganjani mwangu pamoja na mpya. Wa zamani ulikuwa umevimba na kulainika kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. "Yameula. Huu nitaubadilisha, lakini na mipira ya breki iliyo ndani ya magurudumu imeliwa vilevile, na mipya sina. Mpaka Mombasa."

Mjomba alingoja kazi iishe, akanigeukia. "Washa. Tutashuka kwa gia. Arusi haingoji."

Nilikuwa na ufunguo mkononi.

"Mjomba, niwie radhi. Sishuki na watu."

Hakuna aliyecheka sasa. Mjomba alinitazama kwa macho yake yale hafifu, muda mrefu, hata nikadhani atauchukua ufunguo. Shangazi mkubwa akajifunga leso kiunoni. "Teremkeni, jamani. Tutapata basi huko chini."

Mjomba alikwenda nyuma ya gari, akashika mkono mmoja wa sufuria kubwa, akangoja. Nikashika wa pili.

"Shika vizuri," akasema, "isimwagike."

Tukaanza kuteremka kwa miguu.